Bertha Benz: mama aliyelitengeneza gari njiani kwa pini ya kofia

Wasomaji wetu wengi, wa nyumbani na wa ughaibuni, wanaijua adha ya gari kuukuu. Leo breki zinalia, kesho maji yanachemka, keshokutwa injini inakohoa na kuzima katikati ya barabara huku wenye magari ya nyuma wakipiga honi. Mwenye uwezo hulipeleka gereji, na asiye na uwezo hufunua boneti mwenyewe akaanza kuchokonoa. Katika makala yetu ya leo tunamwangalia mtu aliyefanya kazi hiyo kando ya njia, katika safari ndefu ya kwanza ya gari la petroli inayojulikana katika historia. Hakuwa fundi wa gereji, kwani gereji zenyewe hazikuwapo duniani. Alikuwa mama wa watoto wanne, mwenye umri wa miaka 39, na jina lake ni Bertha Benz.

Jina la Benz sisi Waswahili tunalijua vizuri kupita kiasi. Baada ya uhuru wa nchi zetu tulilitungia kabila zima, kabila la Wabenzi, yaani wale wakubwa waliokuwa wakipita na magari meusi huku wananchi wakila vumbi. Mchango huo wetu umeingia hata katika vitabu vya wazungu wanaoandika habari za siasa za Afrika. Lakini ukimuuliza Mbenzi mwenyewe jina hilo limetoka wapi, atakutajia kiwanda. Wachache watamtaja Carl Benz, mvumbuzi. Bertha hatajwi kabisa, ilhali bila fedha zake na bila ukaidi wake huenda kiwanda hicho kisingefika popote.

Alizaliwa tarehe 3 Mei 1849 katika mji wa Pforzheim, kusini-magharibi ya Ujerumani, katika iliyokuwa dola ya Baden. Baba yake, Karl Friedrich Ringer, alikuwa seremala na mjenzi aliyefanikiwa na kujiwekea mali. Inasimuliwa kuwa siku alipozaliwa, baba yake aliandika ndani ya Biblia ya familia maneno ya masikitiko kwamba amepata tena mtoto wa kike, na kwamba binti huyo aliyaona maandishi hayo alipokuwa mkubwa. Tusimhukumu mzee Ringer haraka. Wangapi katika mitaa yetu hadi leo wanapokea habari ya mtoto wa kike kwa uso uliokunjamana? Inasemekana pia kwamba ni baba huyo huyo aliyekuwa akimweleza bintiye jinsi mitambo inavyofanya kazi, naye akisikiliza kuliko ilivyotarajiwa kwa msichana wa zama zile.

Mwaka 1869, katika matembezi ya chama cha starehe kwenda kwenye monasteri ya kale ya Maulbronn, Bertha alikutana na kijana mhandisi asiye na kitu mfukoni. Carl Benz alikuwa mtoto wa dereva wa treni aliyefariki mtoto huyo akiwa bado mchanga, na mama yake alimsomesha kwa taabu hadi akamaliza chuo cha ufundi cha Karlsruhe. Kichwani mwake palikuwa na wazo moja tu, nalo ni gari la kujiendesha lenyewe, bila farasi na bila reli. Wazazi wa Bertha wangependa mkwe mwenye kipato. Bertha alimtaka huyu.

Hapa ndipo panapokuja jambo ambalo waandishi wengi hulipita mbio. Mwaka 1871 Carl alifungua karakana mjini Mannheim pamoja na mshirika aliyeitwa August Ritter. Ushirika huo ukaharibika mapema na karakana ikakaribia kufa. Bertha, akiwa bado mchumba tu, alimwomba baba yake ampe mahari yake kabla ya ndoa (kwa desturi yao mahari hutoka upande wa mwanamke), na fedha hizo zikatumika kununua sehemu ya Ritter. Walifunga ndoa tarehe 20 Julai 1872. Kwa sheria za wakati ule, mwanamke akishaolewa mali yake husimamiwa na mumewe. Kwa maneno mengine, Bertha aliweka mtaji wote aliokuwa nao duniani katika biashara ambayo baada ya arusi asingekuwa na kauli yoyote ya kisheria juu yake. Biashara ikianguka, basi na yeye ameanguka.

Na kweli ilikaribia kuanguka, tena si mara moja. Watoto walikuja: Eugen mwaka 1873, Richard mwaka 1874, Clara mwaka 1877, na Thilde mwaka 1882. Katika miaka hiyo madeni yalikuwa yakifika shingoni. Carl alikuwa akihangaika kutengeneza injini ya mapigo mawili, kwani ile ya mapigo manne ilikuwa imefungwa na hataza ya Nikolaus Otto. Usiku wa kuamkia mwaka mpya wa 1880, wawili hao walikuwa karakanani na injini iliyokuwa imegoma kwa muda mrefu. Carl mwenyewe ameeleza katika kitabu cha maisha yake kwamba ni mke wake aliyemsukuma wajaribu tena usiku ule. Injini ikawaka, na haikuzima upesi. Kutokana na injini hiyo walipata riziki, na mwaka 1883 ikaanzishwa kampuni ya Benz na washirika wapya, Max Rose na Friedrich Wilhelm Esslinger.

Tarehe 29 Januari 1886 Carl alipeleka maombi ya hataza namba 37435 ya gari linaloendeshwa kwa injini ya gesi, na tarehe 3 Julai mwaka huo wakazi wa Mannheim wakaliona barabarani. Lilikuwa na magurudumu matatu membamba kama ya baiskeli. Injini ilikaa nyuma, ya silinda moja, ujazo wa sentimeta za ujazo 954, na nguvu yake haikufikia hata farasi mmoja mzima. Leo pikipiki ndogo ya bodaboda ina nguvu zaidi ya mara kumi ya hiyo. Ili kuliwasha ilibidi kulizungusha kwa mkono gurudumu kubwa la chuma lililolala nyuma chini ya injini.

Mashine ilikuwapo, hataza ilikuwapo, ila wateja hawakuwapo. Watu waliliona kama kichekesho, wengine wakaliogopa kwa kelele zake. Carl alikuwa fundi hodari lakini mfanyabiashara dhaifu, mtu wa kurekebisha leo na kurekebisha tena kesho, asiyeridhika kulitoa nje. Gari lilikuwa likizunguka palepale mjini na kurudi bandani. Tunawajua mafundi wa namna hiyo. Miaka miwili ikapita, na fedha za mahari zilikuwa zimeshaliwa zamani.

Ndipo Agosti 1888 Bertha akaamua. Shule zilikuwa zimefungwa. Alfajiri moja, Carl akiwa bado usingizini, yeye na wanawe wawili wakubwa, Eugen wa miaka 15 na Richard aliyekuwa akikaribia 14, walilisukuma gari nje ya karakana polepole, wakaliwasha mbali na dirisha, wakaondoka. Inasimuliwa kuwa waliacha ujumbe mfupi wa kueleza kwamba wanakwenda Pforzheim kumwona bibi yao. Ujumbe haukusema wanakwenda kwa chombo gani. Umbali ulikuwa wa kilometa zaidi ya 100, kwa barabara za magari ya farasi, zenye mawe na mifereji ya magurudumu. Hadi siku ile gari lile halikuwahi kupewa safari hata inayokaribia umbali huo.

Kuanzia hapa simulizi inakuwa kitabu cha ufundi, na sisi tunapenda kukaa hapa kidogo.

Tatizo la kwanza lilikuwa maji. Gari halikuwa na rejeta. Maji yaliizunguka silinda, yakapata moto, yakageuka mvuke, yakapotea hewani. Kwa hiyo ilibidi kuongeza maji kila baada ya mwendo mfupi, kutoka visimani, kwenye vijito, kwenye nyumba za wageni, hata mitaroni. Eugen na Richard ndio waliokuwa mautingo wa safari ile, na abiria wa mabasi yetu ya zamani anaijua picha hiyo bila kuelezwa: kijana anaruka na dumu kabla gari halijasimama vizuri. (Kwa wale wenye magari yanayochemka: rejeta ya leo hukaa na maji yenye presha, hivyo usikifungue kizibo injini ikiwa ya moto. Subiri ipoe. Maji yale hurukia uso.)

Tatizo la pili lilikuwa mafuta. Tangi la petroli kama tunalolijua halikuwapo; kabureta yenyewe ndiyo iliyobeba akiba, kiasi cha lita nne na nusu tu. Vituo vya mafuta navyo havikuwapo popote ulimwenguni. Injini ilitumia ligroini, kimiminika chepesi jamii ya petroli, ambacho watu walikinunua katika maduka ya dawa kwa kuondolea madoa kwenye nguo. Walipofika mji wa Wiesloch, Bertha aliingia katika duka la dawa la mji na kumtaka mfamasia, Willi Ockel, ampatie ligroini, na si kichupa kimoja. Mji wa Wiesloch unajivunia hadi leo kwamba duka lile ndilo kituo cha kwanza cha mafuta duniani, na pamewekwa sanamu ya ukumbusho.

Kisha gari likaanza kukohoa. Mrija wa mafuta ulikuwa umeziba. Mwenye gari kuukuu anaijua dalili hii: injini inawaka, inapata nguvu kidogo, kisha inakatakata kama mtu mwenye kwikwi, kwa sababu mafuta hayafiki. Sisi leo tuna kichujio cha mafuta ambacho hubadilishwa kwa fedha kidogo. Bertha hakuwa na kichujio wala bisibisi ya kazi hiyo. Alichomoa pini ndefu ya kofia, ile ambayo wanawake wa wakati ule waliitumia kuishikiza kofia kwenye nywele, akauzibua mrija kwa pini hiyo, na safari ikaendelea.

Halafu ikaja hitilafu ya umeme. Gari la Benz liliwasha mafuta yake kwa cheche za umeme kutoka betri na koili, jambo la kisasa mno kwa wakati ule. Waya mmoja ulisuguka kwa mtikisiko mpaka ukabaki mtupu, ukawa unagusa chuma na kupoteza umeme kabla ya kufika kwenye plagi. Bertha alitumia mkanda wa mpira wa kushikizia soksi yake kuufunika waya ule. Watu wengi husimulia kisa hiki kwa kuchekacheka, kwa kuwa ni nguo ya ndani ya mwanamke. Sisi tunaona tofauti. Ili mtu atumie mpira pale, ni lazima kwanza ajue kwamba kinachozimisha injini ni umeme unaovuja wala si mafuta, aweze kuufuata waya hadi mahali ulipochubuka, na ajue kuwa mpira haupitishi umeme. Huo ni utambuzi wa fundi. Wako watu wenye vyeti ambao wangelibadilisha koili nzima na kukutoza fedha yake.

Minyororo iliyopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma ililegea na kusumbua, wakapata msaada wa mhunzi mjini Bruchsal. Kwenye vilima injini haikuweza, kwani giya ya kupandia haikuwapo. Ilibidi vijana washuke wasukume, na pengine mama naye ashuke. Wanavijiji waliowaona wakipita walishangaa, wengine wakaogopa, na katika kilima kimojawapo wenyeji walisaidia kusukuma.

Kupanda ni jasho, ila hatari iko kwenye kuteremka. Breki za gari lile zilikuwa vipande vya mbao vilivyokandamizwa kwenye magurudumu kwa mkono. Kwa kuteremka kila mara, mbao zikalika. Katika kijiji kimoja Bertha alimwendea fundi viatu na kumwagiza agongee ngozi juu ya mbao zile. Ngozi inashika vizuri zaidi na ikiisha unabandika nyingine, mbao inabaki. Wanahistoria wa magari huliita tukio hilo mwanzo wa lainingi za breki. Kwa vyovyote, wazo ni lilelile linalotumika hadi leo: sehemu inayosuguliwa iwe kitu cha kubadilishwa kirahisi. Baadaye ngozi iliachwa na kwa miongo mingi lainingi zikatengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake huua mapafu. Hivyo, wewe unayefungua breki za gari la zamani uani kwako, usilipulize vumbi lile kwa mdomo, hata kama fundi aliyekufundisha alifanya hivyo miaka yote. Lifute kwa kitambaa chenye maji.

Jioni, giza likianza kuingia, wote watatu walifika Pforzheim wakiwa wamejaa vumbi na grisi. Bertha alipeleka simu ya maandishi Mannheim kumjulisha mumewe kwamba wamefika salama. Baada ya siku chache wakarudi kwa gari lilelile. Wala hawakulipakia kwenye treni.

Tuseme ukweli kuhusu simulizi hii. Nyingi ya habari zake zimetoka ndani ya familia yenyewe, na kitabu cha Carl kilitoka mwaka 1925, miaka 37 baada ya safari. Simulizi za nyumbani hunoga kadiri zinavyorudiwa, na pini ya kofia sasa imeng'aa kuliko ilivyokuwa siku ile. Lakini kiini chake kinashikika, na ushahidi mzuri zaidi uko ndani ya gari lenyewe. Baada ya safari Carl aliongeza giya ya kusaidia vilimani. Mtu haongezi giya ya vilima kwa gari lisilowahi kuviona vilima. Orodha ya mapungufu aliyorudi nayo mke wake ilimfaa kuliko miaka miwili ya kuzunguka mjini.

Biashara nayo ikafunguka, ingawa si kwa usiku mmoja kama wengine wanavyopenda kusimulia. Septemba 1888 gari lilionyeshwa Munich katika maonyesho ya mitambo na kupata medali ya dhahabu. Wanunuzi wa mwanzo walipatikana zaidi Ufaransa kupitia wakala Emile Roger wa Paris kuliko Ujerumani kwenyewe. Ya aina ile ya magurudumu matatu yalitengenezwa takriban 25 tu hadi mwaka 1893. Lakini mwaka 1899 pekee kampuni ya Benz ilitengeneza magari 572, na hakuna kiwanda kilichoizidi duniani wakati huo. Katikati ya hayo, mwaka 1890, Bertha alizaa mtoto wa tano, Ellen.

Miaka iliyofuata tunaipita haraka. Mwaka 1903 Carl alitofautiana na wenzake na kujitoa katika uendeshaji wa kampuni, kisha mwaka 1906 akaanzisha na mwanawe Eugen kampuni ndogo ya familia katika mji wa Ladenburg, karibu na Mannheim, ambako walihamia. Mwaka 1926 kampuni kubwa ya Benz iliunganishwa na ile ya mshindani wake wa zamani, Daimler, na ndipo likapatikana jina la Mercedes-Benz. Mercedes alikuwa binti wa mfanyabiashara Emil Jellinek aliyeuza magari ya Daimler. Ni ajabu kidogo: msichana ambaye hakutengeneza chochote jina lake liko mbele ya kila gari, na yule aliyezibua mrija wa mafuta anaonekana kwa jina la mumewe tu.

Carl alifariki tarehe 4 Aprili 1929. Hata hivyo, haki imtendee: katika kitabu chake alikiri wazi kwamba katika siku za shida, wengine wote walipomwacha, aliyebaki naye ndani ya mashua iliyokuwa ikizama alikuwa mke wake. Bertha aliishi miaka 15 zaidi, akaona barabara za Ujerumani zikijaa magari, akaona pia vita mbili kuu na matumizi ambayo magari na injini hizo ziliwekewa. Mji wa Mannheim, alikoanzia safari yake, ulipigwa mabomu vibaya katika vita ya pili.

Tarehe 3 Mei 1944 alitimiza miaka 95. Siku hiyo chuo kikuu cha ufundi cha Karlsruhe, chuo kilekile alikosoma mumewe, kilimtunuku cheo cha Seneta wa Heshima. Wakati Bertha alipokuwa msichana, mlango wa chuo hicho haukuwa wazi kwa wanawake. Siku mbili baadaye, tarehe 5 Mei 1944, alifariki nyumbani kwake Ladenburg, na huko ndiko alikozikwa.

Njia aliyoipita sasa ina alama za barabarani. Mwaka 2008 ilizinduliwa rasmi kuwa njia ya kumbukumbu ya Bertha Benz, jumla ya kilometa 194 kwenda Pforzheim na kurudi Mannheim, na msomaji wetu aliyeko Ujerumani anaweza kuizunguka yote kwa siku moja, hata kwa gari kuukuu. Nyumba ya Ladenburg bado ipo. Bustanini kwake limesimama banda la gari lililojengwa mfano wa mnara mdogo, ambamo mzee Benz alikuwa akiegesha gari lake.